Sanduku la Kwa Mgiriki

Plastiki iliyofungiwa unyevu kwa muda mrefu ina harufu yake. Inakaribia uvundo, inakaribia udongo, na huitambui mpaka umebandua kifuniko ikakupiga puani. Juzi nilikuwa nasafisha kabati la jikoni, hapa Moshi mjini ninakoishi, nikatoa kontena lililosahaulika nyuma ya masufuria. Nilipolifungua nikaganda palepale. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kuna nini humo?" Nikamwambia hamna kitu, na kweli hamkuwa na kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika Machame, katikati ya makaburi ya watu nisiowajua, na mtoto mchanga mgongoni.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mama yangu, Ndeshi, alikwenda hospitali kujifungua na hakurudi. Aliyerudi ni mtoto. Gari liliingia uani, shangazi yangu akashuka amekumbatia blanketi la njano, nami nikasogea kuona ni nani atashuka nyuma yake. Hakushuka mtu. Dereva akazunguka, akafunga mlango.

Watu wazima walinieleza kila mmoja kwa namna yake, nami nikawaamini wote. Bibi, mama yake Baba, alisema Mama amepumzika. Shangazi alisema ametangulia. Mchungaji alisema amelala. Jirani mmoja aliyekuja kusaidia kupika msibani alinipangusa uso kwa pindo la khanga yake akasema, "Nyamaza, Aika. Mungu amemchukua mama, lakini ametuachia huyu." Kisha nikasimama pale kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, nikaona sanduku refu likishushwa shimoni na watu wakilifukia. Nikayapanga maneno yao kichwani kadiri nilivyoweza. Mtu aliyelala huamka. Aliyetangulia unamkuta mbele. Aliyechukuliwa anaweza kurudishwa. Sikuelewa kwa nini wanalia hivyo, na nililia kwa sababu wao walilia.

Baba alikuwa anaongoza wageni mlimani. Zamani akishuka alikaa nyumbani siku kadhaa, akikata majani ya ng'ombe na kumtania Mama kuhusu chumvi ya mtori wake, ile supu ya ndizi. Sasa alikuwa anashuka, anafua soksi, anapanda tena na wageni wengine. Mtoto hakumshika. Alikuwa anasimama mlangoni kwa Bibi, anaangalia lile blanketi kwa mbali, anauliza, "Anakula?" Bibi anajibu anakula, naye anaondoka. Mtoto hakuwa hata na jina. Kwenye kadi ya kliniki walikuwa wameandika "Mtoto wa Ndeshi", basi.

"Baba Aika, huyu ataitwa Katoto mpaka aote ndevu?" Bibi alimwuliza siku moja.

"Nikishuka safari hii, Mama. Tutaenda kwa mchungaji nikishuka."

Alishuka, akafua soksi, akapanda.

Basi katika kushuka kwake kumoja alikuja nyumbani na wageni wawili, mtu na mkewe, wazungu wazee wenye nyuso zilizobabuka kwa jua la juu. Walikuwa wamebakiwa na siku moja kabla ya ndege yao. Bibi aliwapa mtori, wakanywa kwa adabu huku wakipuliza vijiko. Yule mama aliniuliza jina. Niliposema Aika, alipiga makofi akacheka, akamwambia mumewe, na mumewe naye akacheka. Baba alinieleza kwamba huko mlimani amewafundisha kuwaambia wapagazi "aika", yaani asante kwa Kimachame. Sikumsikiliza hadi mwisho. Nilichoelewa ni kwamba siku zote hizo, kule juu kwenye baridi, Baba na watu wake walikuwa wanaliita jina langu, na nikajisikia vibaya kwamba sikuwahi kuitika.

Kisha yule mzee akatoa mfukoni kidude kama simu, chenye kioo, akamwonyesha Baba. Baba akakuna kichwa.

"Mama," alimwambia Bibi, "wanasema kuna sanduku limefichwa hapo chini, kwenye makaburi ya kwa Mgiriki."

"Sanduku la nani?"

"La yeyote."

"Kitu cha yeyote kinafichwaje?"

"Ni mchezo wao. Watu wanaficha, wengine wanatafuta. Hicho kidude kinawaonyesha mahali."

Bibi aliwaangalia wale wazee wawili. "Wamevuka bahari waje kucheza makaburini," alisema kwa Kichagga, taratibu, kisha kwa Kiswahili akawaambia karibuni tena.

Kwa Mgiriki palikuwa chini ya kihamba chetu, ukivuka mfereji. Zamani lilikuwa shamba kubwa la kahawa la walowezi wa Kigiriki, watu wa kwanza kupasua pori la upande ule, na walipoondoka mibuni ikaachwa ikarefuka ikawa msitu. Nyumba yao ilikuwa imebaki msingi tu. Makaburi yalikuwa nyuma yake, ndani ya uzio wa chuma ulioliwa na kutu, chini ya miti mirefu ya krismasi ambayo haikuwahi kupambwa na mtu. Mimi nilipafahamu kwa sababu tulikuwa tunakata majani karibu na hapo. Ndani sikuwahi kuingia.

Siku ile nikaingia, nimeshika mkono wa Baba. Nilikuwa nimetoka kujifunza kusoma na nilikuwa nasoma kila kitu, makopo, magunia, mabati. Nikajaribu kusoma mawe. Herufi nyingine nilizifahamu, A ilikuwa A na K ilikuwa K, lakini nyingine zilikuwa zimepinduka, zimekatika mikono, zimefunga duara mahali pasipostahili. Nikamwuliza Baba kwa nini. Alisema ni Kigiriki. Mimi nikafikiri Kigiriki ni kile kinachozipata herufi za mtu akikaa ardhini muda mrefu, na nikajiuliza jina la Mama sasa limefika wapi, kama ile N imeshaanza kupinda.

Pembeni kulikuwa na kaburi fupi, urefu wa kitanda changu hivi, na juu yake mwanakondoo wa jiwe aliyekatika sikio. Yule mama mzungu alipiga magoti nyuma ya jiwe la kaburi hilo, akaondoa mawe madogo yaliyopangwa, akapiga kelele ya furaha. Akatoa sanduku la plastiki. Alipolifungua, ile harufu ikatoka.

Nilijificha nyuma ya Baba. Sanduku nililoliona likiingia ardhini lilikuwa la Mama, sikujua kwamba masanduku yanaweza pia kutoka. Lakini mle ndani mlikuwa na vikorokoro tu: filimbi, beji, mdoli mdogo wa mpira, gololi ya bluu, na karatasi iliyokunjwa pamoja na penseli. Yule mzee aliandika jina lao, mkewe akatoa beji na kuweka ushanga wake mahali pake. Kisha wakaniashiria na mimi.

"Chagua kimoja," Baba alisema. "Lakini lazima uache kimoja chako. Ukichukua unaacha. Halafu unaandika jina. Ndiyo sheria yao."

Nilichukua gololi. Nikachomoa kibanio cha nywele kichwani, nikakiacha. Nikaandika AIKA, nikajikaza herufi zisipinde.

"Baba, nani anavileta hivi vitu?"

"Hajulikani. Mtu anakuja, anaacha, anachukua, anakwenda zake. Humwoni."

"Na anayeacha, akirudi anakuta?"

Baba alikuwa anamsaidia yule mama kuinuka. "Anakuta kingine," alisema.

Wageni waliondoka, Baba akapanda tena mlimani na kundi jipya. Mimi nikabaki na gololi. Hakuna aliyekuja kuidai. Niliilalia chini ya mto, na asubuhi ilikuwepo. Nilikuwa nimeacha, nimechukua, na nilichochukua kimebaki kuwa changu. Katika yote niliyoambiwa tangu gari lile lilipoingia uani, hili peke yake lilikuwa limetokea kweli kama lilivyosemwa.

Tulipokwenda tena kukata majani nilimwuliza Bibi kuhusu kaburi la mwanakondoo. Bibi akiwa msichana alichuma kahawa pale, akawafahamu wenye shamba.

"Ni mtoto wao," alisema, mundu ukiendelea kukata. "Homa ilimpata, akiwa mdogo kabisa. Mama yake alikuwa anakuja kukaa hapo kila jioni. Baadaye wakauza, wakaenda kwao, wakamwacha."

"Walimwacha hapo?"

"Wangembebaje?"

"Wakapewa nini?"

Bibi aliusimamisha mundu. "Wapewe nini? Na nani?"

Nilidhani hajui sheria za sanduku, kwa kuwa siku ile hakuwepo. Mungu alimchukua Mama, akaacha mtoto. Jirani alisema hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Kumbe kinachotakiwa ni mtoto aachwe, mtu aandike jina, kisha asimame pembeni asimwone anayekuja.

Sikumchukia yule mtoto. Napenda hili lieleweke, maana baadaye wapo waliosema ni wivu. Nilikuwa namwona kama kitu cha watu kilicholetwa kwetu kwa makosa, na huko kwao pengine walikuwa wanakitafuta.

Bibi alikwenda kwenye ibada ya akina mama akaniachia mtoto amelala, na chupa ya maziwa mezani. "Akilia mpe, mama, nakuja sasa hivi." Alipopotea kwenye migomba nilimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, kama nilivyoona wenzangu wakifanya, nikashuka naye. Alikuwa ameanza kukaza shingo. Wakati navuka mfereji nilisikia pumzi zake nyuma ya sikio langu, za haraka haraka, na sikuzijali.

Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka mlimani na chini ya miti ile palikuwa na giza kidogo ingawa ilikuwa mchana. Nikamlaza juu ya blanketi lake kwenye nyasi, karibu na mwanakondoo. Nikaondoa mawe, nikatoa sanduku. Kibanio changu hakikuwemo! Mahali pake kulikuwa na kigari chekundu. Kuna mtu alikuja, akaacha, akachukua, na hakuna aliyemwona. Nikafurahi mno.

Kilichobaki ni jina, na hapo ndipo nilipokwama. Mtoto hakuwa nalo. Nilifikiria kuandika "Mtoto wa Ndeshi" kama kwenye kadi, lakini nikaona atakayesoma anaweza kudhani anatakiwa kumpeleka kwa Ndeshi, wakati mimi nataka Ndeshi aletwe hapa. Isitoshe sikujua N na D zinavyokaa pamoja. Majina niliyoweza kuandika bila kuangalizia yalikuwa machache mno: langu, Mama, Baba, na Juma. Juma alikuwa mvulana wa kwenye kitabu chetu cha kusomea, Juma analima, Juma ana mpira, kila ukurasa Juma. Nikaandika JUMA, kubwa, chini ya jina langu.

Nikataka kuhakikisha kama linafaa. Nikainama nikamwambia, "Juma." Akaacha kurusha miguu, akageuza macho akanitazama. Labda alisikia ndege. Nikarudia, "Juma," akafungua mdomo kama anayetaka kujibu.

Nikafunga sanduku, nikalirudisha, nikaenda kusimama nyuma ya mti wa mwisho kabisa karibu na uzio, nikayapa makaburi mgongo. Nikawa nasikiliza. Nilikuwa najua Mama anavyotembea, kandambili zake zilikuwa zinapiga kisigino. Nilisikia matone yakianza kwenye majani. Kisha mtoto akalia.

Nyumbani alikuwa analia kila siku na sauti ile ilinipita kama ya kuku. Sasa ilikuwa inalia sauti ya mtu mwenye jina. "Juma, nyamaza, anakuja," nilisema bila kugeuka. Hakunyamaza. Mvua ikaongezeka. Nikawaza kwamba nikigeuka Mama hatakuja, atakuwa tayari yuko karibu, labda anavuka mfereji, akiniona atarudi. Nikawaza pia kwamba blanketi linalowa. Mawazo yote mawili yalikaa kichwani pamoja, yakasukumana, na hata leo nikijaribu kuyakumbuka naona jinsi yasivyopatana. Ninachojua ni kwamba nilishtukia nimepiga magoti kwenye nyasi, nimemnyakua, nimemkumbatia kifuani chini ya khanga, nami nalia kwa sauti kubwa kuliko yake, nikimwomba Mama msamaha kwa kumharibia.

Ndipo Baba alipotukuta. Alikuwa ameshuka mlimani siku hiyo, akafika nyumbani na kukuta Bibi anapiga yowe uani, na mama mmoja aliyekuwa anakata majani akasema ameniona nikielekea kwa Mgiriki. Alikuja mbio na buti zake za safari. Alisimama kwenye uzio, ameshika chuma kile chenye kutu.

"Aika. Mtoto yuko wapi?"

Nikafungua khanga akamwona. Baba alikuja akakaa juu ya kaburi la Mgiriki mwenyewe, lile kubwa.

"Mmekuja kufanya nini huku?"

"Nilikuja kumwacha. Ili wamrudishe Mama."

"Akina nani?"

"Wale wanaoleta vitu. Ulisema huwaoni."

Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni, hakujifuta. "Halafu?"

"Halafu nikaandika jina. Halafu akalia."

"Umeandika jina gani?"

"Juma."

"Juma nani?"

"Juma wa kwenye kitabu."

Baba aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Kwanza nilidhani anamlilia yule Mgiriki, kwa kuwa alikuwa amemkalia. Kisha nikasikia kwamba anacheka. Kisha haikuwa kicheko tena. Sikujua nifanye nini, maana sikuwahi kuona mtu akifanya vyote viwili kwa mdomo mmoja.

Alipotulia alinyoosha mikono. "Nipe Juma."

Nikampa. Alimshika kama mtu anayepokea chombo kilichojaa hadi ukingoni, akamfunika na koti lake. Tukakaa hivyo chini ya miti.

"Kwa hiyo Mama haji?" nilimwuliza.

"Haji."

"Kwa sababu nimemwokota tena?"

"Hapana. Sikiliza, Aika. Hata ungemwacha, asingekuja. Mama amekufa."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno hilo. Lilikuwa neno la ng'ombe na kuku. Nilikasirika. "Ng'ombe ndio wanakufa."

"Na watu. Mama hajalala, wala hakuna mahali alipokwenda ukamfuate. Amekufa. Nilitakiwa nikuambie mimi, nikawa napanda mlimani."

"Na wewe utakufa?"

"Nitakufa. Lakini si leo. Leo tunakwenda nyumbani, huyu ana njaa."

Bibi hakunichapa. Alitukausha wote watatu kwa khanga moja, akanipa maziwa ya moto, akakaa akiniangalia nikinywa huku akitikisa kichwa. Nilielewa kidogo sana usiku ule. Kwa majuma mengi baadaye niliendelea kusikiliza kandambili, nikijua hazitakuja, na kujua huko hakukunizuia kusikiliza. Lakini Baba alimwomba mwenzake aende na wageni waliofuata, yeye akabaki. Alijifunza kupima maziwa, akaweza kumbeba mtoto kwenye mkono mmoja na ndoo kwenye mwingine. Mchungaji alimbatiza Elinami, jina la babu. Jina hilo liko kwenye vyeti vyake vyote, na nyumbani hakuna anayelitumia, kwetu ni Juma. Shuleni walimu walimwuliza kama kwao ni Waislamu, akawaambia hapana, ni dada yangu.

Kwetu kisa hiki si siri. Baba alimsimulia Juma mwenyewe siku ya kipaimara chake, mbele ya wageni, na watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Juma alicheka pamoja nao. Lakini Krismasi iliyopita tulipokwenda nyumbani, tulikaa wawili jikoni tukimenya ndizi, yeye sasa ni mwanaume mrefu mwenye ndevu, fundi wa pikipiki, akaniuliza bila kuinua macho.

"Dada, ile siku. Kama angetokea kweli pale kwenye miti, ungeniacha?"

Nilitaka kusema hapana, haraka, kama inavyotakiwa.

"Sijui," nilimwambia. "Ila nilipokuokota nilikuwa bado naamini kwamba anakuja."

Juma akanisogezea beseni karibu, akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.